Kompyuta Ulizozikataza Apdeti

Karibu na Ayany,
Kibera,
Nairobi.
7 Machi 2026.

Mpendwa ndugu yangu Tonny,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi dada yako Seline, kutoka kwa Mama, na kutoka kwa mpwa wako Aluoch, ambaye sasa amenifikia begani na anavaa viatu vyangu bila kuomba. Sisi huku ni wazima. Magoti yanamsumbua Mama mvua ikikaribia, lakini kwaya hajaacha na sauti bado anayo. Tangu upande ndege watu wote wanamwita Mama Tonny, na mimi kifungua mimba nimesahaulika kabisa. Natumaini wewe, wifi yangu Maggie na kitoto mko salama huko Leicester, na baridi imeanza kuwaachilia.

Usingizi je? Maggie aliniambia wakati wa Krismasi kwamba bado hulali, kwamba unageukageuka kitandani mpaka ndege waanze kulia, na daktari amekupa vidonge. Nilisikitika sana kusikia hivyo. Ukiendelea kusoma barua hii, kumbuka kwamba nilisikitika.

Utashangaa kupata karatasi iliyoandikwa kwa mkono. Ujumbe wangu wa simu unauona, alama zinageuka bluu, halafu unanyamaza. Nikipiga, simu inaita hadi inachoka. Ndiyo maana nimempa barua hii Oketch, mtoto wa shangazi, ambaye anakuja huko kusoma. Nimemwambia akukabidhi mkononi na asiondoke kabla hujaifungua mbele yake. Oketch hajui kilichomo. Mama naye hajui, na hilo la Mama nitalifikia.

Nianze na cyber, duka langu la intaneti. Imefungwa. Pale mtaani Kongo, kwenye chumba cha Mzee Muiruri ulichokichagua mwenyewe kwa simu ya video ukisema wapita njia hawatakosa kukiona, sasa nimebaki na printa, mashine ya kopi na kiti changu. Meza ziko tupu. Watu wakichungulia wanauliza kama nimevunjiwa, nami nawauliza wanataka kopi ngapi.

Unakumbuka siku zile ulipokuwa ukinielekeza kwa simu namna ya kuwasha zile kompyuta ulizonitumia. Kompyuta zote zilikuja na Windows 7, ile ya zamani, na ulinipa amri moja ambayo niliishika kuliko amri zote za kanisani. "Dada, hizi ni mashine mzee. Ukiziapdeti tu, zinakufa. Hapo kwa apdeti usiguse kabisa." Ukaniambia hata niandike nibandike ukutani. Nikachukua kalamu nene nikaandika kwa herufi kubwa, HAKUNA APDETI, nikabandika juu ya swichi. Sikuona ajabu yoyote. Huku kila mwenye cyber huzima apdeti, maana zinakula bando mchana kutwa na mteja analalamika kwamba mtandao unatambaa. Wewe ulikuwa fundi huku kabla ya kuondoka, ulijua hivyo, na ulijua sitauliza.

Siwezi kusema hazikunisaidia. Zilitulisha, zikamsomesha Aluoch, zikamnunulia Mama dawa. Lakini mwaka jana mambo yakaanza kukwama. Mtu anakuja kuomba cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake, ukurasa wa serikali unakataa kufunguka, unasema programu ninayotumia ni ya zamani mno. Vijana wa kuomba nafasi za chuo, hivyo hivyo. Hata barua pepe zikaanza kuleta maringo. Nikawa nawaelekeza wateja wangu kwa jirani, tabasamu usoni. Nilikuandikia kukuuliza nifanye nini. Siku hiyo ulijibu papo hapo, jambo ambalo si kawaida yako. "Vumilia dada, nitatuma zingine. But usiapdeti." Zingine hazikuja.

Basi mwezi uliopita nikamwita Musau. Humjui, alikuja baada yako. Ni fundi wa kompyuta mwenye kibanda karibu na soko, mdomo wake hauna breki na anacheka mizaha yake kabla hajaimaliza. Aliingia, akasoma ile karatasi yangu ukutani, akacheka mpaka akatafuta kiti.

"Madam Seline, nani alikuandikia hii sheria?"

"Ni brathe yangu. Ako majuu."

"Mshow huku tuko 2026."

Nilicheka naye. Nakwambia nilicheka, kwa sababu nilidhani tunakutania wewe tu, kwamba umekaa huko ukasahau mambo yanavyokwenda. Akafungua mashine moja, akachungulia ndani, akakuna kichwa. Akasema, "Hii mashine si mzee vile unafikiria. Inabeba Windows mpya bila shida. Kuna mtu aliirudisha nyuma makusudi." Nami nikakutetea. Nikamwambia pengine ndugu yangu alitaka ziwe nyepesi, maana alijua bando huku ni shida. Nilikutetea, Tonny, kwa mdomo huu.

Musau alichomeka flash yake, akafuta ile Windows ya zamani, akaunganisha mtandao. Tukakaa tunakunywa chai, na mteja mmoja alikuwa kando akisubiri kopi za kitambulisho. Asilimia zinapanda, mashine inajizima na kujiwasha, nami nasubiri ife kama ulivyoniambia. Haikufa. Kioo kiling'aa kuliko nilivyowahi kukiona. Halafu yakatokea maneno ya kukaribisha, yakisema: Karibu, Shule ya Msingi Matawi Mapya, Kibera. Chini yake ikaniomba barua pepe ya shule.

Musau alidhani ni makosa. Akafanya ya pili, nayo ikakaribisha shule ile ile. Ya tatu hakuigusa. Aligeuka akanitazama, na mizaha yote ilikuwa imemtoka.

"Madam, hizi ulitoa wapi?"

"Brathe yangu alininunulia."

"Hizi ni za shule. Zilisajiliwa huko juu kwa mtandao, ndio zikiibiwa zijulikane. Ukiweka Windows mpya na net, lazima ziite mwenyewe. Hiyo ya zamani haiwezi uliza. Mwenye aliiweka alikuwa anajua."

Yule mteja wa kopi alisikia kila neno. Kufikia jioni Kongo yote ilikuwa inajua kwamba Mama Aluoch anafanya biashara na mashine za wizi. Wangoi, mke wa Mzee Muiruri, alikuja kuniuliza taratibu, kwa heshima, kama askari watakuja kwenye ploti yao. Miaka yote niliyokaa pale sijawahi kuchelewesha kodi wala kugombana na mtu, na siku hiyo nilisimama mbele ya yule mama nikitazama miguu yangu.

Sina haja ya kukueleza Matawi Mapya ni shule gani. Ni shule ya Aluoch. Ni ile ambayo wewe, ukiwa katibu wa chama chenu cha Wanakibera walio huko, ulitupigia simu ukasema mnaikusanyia kompyuta, chumba kizima, ili watoto wetu wasiwe nyuma. Wazazi tuliimba siku hiyo. Kontena lilipofika, shule ilipata mashine chache tu, na ukasema kwa huzuni nyingi kwamba nyingine zimeibiwa bandarini. Haukupita muda zangu zikafika, nikaenda kuzichukua kwenye godauni kule Industrial Area. Ukasema hizi ni jasho lako mwenyewe, kwamba dada aliyeuza cherehani yake ili upate tiketi hawezi kuzeeka akishonea watu kwa mkono. Nililia kwa furaha kwenye simu, na wewe ukanyamaza. Nilifikiri unalia pia.

Halafu kuna lile la maombi. Sijui kama Mama aliwahi kukusimulia, na kama hakukusimulia basi lisikie kwangu. Baada ya habari ya bandarini wazazi tulifunga, tukakusanyika shuleni kuomba, na mimi ndimi niliyepewa nafasi ya kuongoza. Nilipiga magoti kwenye ile sakafu ya simenti ya darasa la nne. Nikamwomba Mungu kwamba yeyote aliyechukua kompyuta za watoto wetu asionje usingizi mpaka zirudi. Nililirudia ombi hilo, Tonny, kwa sauti, maana nilikuwa na hasira ya mzazi. Wamama wakaitikia amina mpaka mabati yakaitika. Mama alikuwa kando yangu, na amina yake ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote.

Kwa hiyo Musau alipoondoka siku ile, sikuwaza juu ya askari wala kodi. Niliwaza juu ya vidonge vyako.

Ngoja nikwambie pia watoto walivyosoma miaka hii. Zile mashine chache zilikuwa za madarasa ya juu. Hawa wadogo walichorewa kibodi kwenye karatasi ya manila, ikabandikwa ubaoni, na kila mtoto anaenda mbele kubonyeza karatasi. Aluoch alijua herufi zote zilipo bila kuangalia, kwa kubonyeza karatasi. Jumamosi akija cyber anataka kujaribu kwenye mashine ya kweli, anakaa kwenye ile ya dirishani, nami namwambia, "Toka hapo, hiyo ni ya customer." Alikuwa anatoka bila kelele, anaenda kukaa kwenye ngazi. Nilimfukuza mtoto kwenye kompyuta yake mwenyewe, na kila nikikumbuka hilo nakukasirikia upya. Kama ungeniibia mimi ningeshakusamehe. Ulimwibia yeye ukaniletea mimi zawadi, nikaishukuru.

Musau alinipa njia nyingine, sitakuficha. Alisema anaweza kurudisha ile Windows ya zamani kwenye mashine mbili zile, tunyamaze, maisha yaendelee. Nilifikiria. Nilikaa dukani mlango ukiwa nusu, nikafikiria kodi, karo, na magoti ya Mama. Lakini kila nikiinua macho nilikuwa naona ile karatasi yangu ukutani, kwa mwandiko wangu mwenyewe, inayonikataza nisijue. Nikaibandua. Kesho yake nikazifunga kompyuta zote kwa mashuka ya kitanda, nikakodi pikapu, nikazipeleka Kibera.

Madam Nanyama, yule mwalimu mkuu, alinikuta nashusha langoni.

"Seline, hizi ni nini?"

"Ni zile za bandarini."

Aliangalia mashuka, akaniangalia mimi. Akaniuliza swali moja tu, kama nilikuwa nikijua. Nikamwambia sikujua. "Basi kuja ukae kwanza," akasema. Akanitengea chai ofisini kwake na hakuniuliza jina la mtu. Nadhani halikuwa gumu kwake kulipata.

Tukaweka moja mezani. Madam akaandika barua pepe ya shule, na mashine ikafunguka bila ubishi wowote, kama mtoto aliyeitwa na mama yake. Palepale ikaanza kupakua apdeti zake. Nilipoona ule mduara unazunguka, mkono wangu ulienda wenyewe kuzima mtandao, kwa mazoea. Madam Nanyama akaushika. "Wacha ikule," akasema. Tukaiacha ipakue. Ilijizima, ikajiwasha, na haikufa. Tukawasha na zilizobaki, na hata moja haikufa, Tonny. Hakuna iliyokuwa mzee wala mgonjwa.

Jumamosi iliyopita kulikuwa na mkutano wa wazazi. Madam alisimama akasema kwamba kompyuta zilizopotea njiani zimepatikana, tumshukuru Mungu. Hakutaja jina langu wala lako. Alitaka kutusitiri, na nilidhani mambo yamekwisha hapo. Lakini Mama alikuwa amekaa mbele. Akainuka na magoti yake hayo, akashika mgongo wa kiti, akasema, "Si niliwaambia? Tonny wangu hawezi kuwasahau. Amezitafuta mpaka amezipata."

Watu wote wakapiga makofi. Wengine wakapiga vigelegele. Mama aligeuka akanitafuta kwa macho, uso umejaa furaha, akitaka kuona kama nami nafurahi. Nikapiga makofi. Nilisimama katikati ya wazazi wenzangu nikakupigia makofi, na sijawahi kufanya kazi ngumu kama hiyo.

Aluoch alikuwa ameshaingia kwenye chumba cha kompyuta na wenzake. Alikuja kwangu mbio akanivuta hadi kwenye mashine moja. Unaikumbuka ile ambayo herufi A ilifutika, nikakuonyesha kwenye video nilivyoichora kwa rangi nyekundu ya kucha, ukanicheka? "Mum, si hii ni ile yako ya dirishani?" Nikamwambia hapana, ni yenu. Hakuniuliza tena, lakini zamani akiomba kabla ya kulala alikuwa anakutaja wewe baada ya bibi yake, na tangu siku hiyo anaruka jina lako. Sijamwambia arudi alitaje.

Najua kwa nini ulifanya. Nimekulea, nakujua. Uliniahidi mbele ya watu pale uwanja wa ndege kwamba utanifungulia biashara, na ulipofika ukakuta huko si kama ulivyodhani, ukaona aibu kurudi nyuma. Ungeniambia tu. Mimi ni mtoto wa Kibera, kukosa si habari mpya kwangu. Ningeshona kwa mkono mpaka leo na ningekuita ndugu yangu bila kigugumizi. Ulichonifanyia ni kuniweka mlinzi wa kitu cha wizi, kisha ukanifundisha namna ya kukilinda na kuniita dada mpendwa kila Jumapili. Hicho ndicho kinachonichoma. Si duka. Duka litapatikana au litakosekana.

Kwa sasa nimeazima cherehani ya jirani na nimeanza tena kushona sare. Musau huniletea wateja wa kopi, na ameacha kunitania, jambo linalonikera kuliko utani wenyewe. Wangoi ananisalimia vizuri. Usijisumbue kunitumia kitu. Narudia, usitume kitu chochote, hata kikija na risiti.

Kuna jambo moja tu ninalolitaka kwako. Chumba kile kitafunguliwa rasmi Jumamosi kabla ya Pasaka, na wazazi wamemchagua Mama akate utepe kwa niaba yako. Amenipa kitambaa nimshonee gauni, bluu yenye maua meupe. Mikono imekwisha, bado kola. Mimi sitamwambia. Nimejaribu, nafungua mdomo, naona anavyolipima kwenye kioo, naufunga. Wewe ndiwe utakayemwambia, kwa mdomo wako, kabla ya siku hiyo, ili achague mwenyewe kama atalivaa. Asije akalijua kwa wale wa Kongo, maana Kongo na Kibera si mbali, na yule mteja wa kopi bado anazungumza.

Msalimie Maggie sana. Kwake sina neno, na kama hajui, usimwachie ajue kwa njia niliyojua mimi. Mbusu kitoto kwenye mashavu yote mawili. Shangazi, mama yake Oketch, anakusalimu na anaomba umtunze mwanawe. Umfundishe kazi za huko zilizo halali. Wanakwaya wenzake Mama wanakusalimu pia, kila mmoja kwa jina, na nimeshindwa kuwakatalia.

Jana baada ya masomo nilirudi peke yangu kwenye darasa lile la nne, nikapiga magoti palepale. Nikamwambia Mungu kwamba kompyuta zimerudi zote, basi amwachilie yule mtu alale. Safari hii nilimtaja kwa jina. Akubariki, akupe afya, akulinde wewe na nyumba yako. Lakini nilimwomba pia asikurudishie usingizi wote kwa mara moja. Ule wa mwisho abaki nao mpaka umpigie Mama.

Wako akupendaye, na hilo sijaweza kulibadilisha,

Dada yako,
Seline.